Shanga za Ba zimeelea kwenye maji, je ni feki? Na ya uso mmoja ninunue?

Swali lililonifikia:

"Shikamoo mzee. Niko Tanga. Nimemuuguza mama mmoja wa Kihindi miaka 11, tulikuwa tunamwita Ba, amefariki mwezi wa tatu na wanawe wakanikabidhi shanga alizokuwa anasalia kila alfajiri. Ni za kahawia iliyokolea, zina vinundu kama ubongo, wanaziita rudraksha. Uzi ulishakatika. Kijana mmoja anayeuza onlaini akaniambia nizitie kwenye maji, inayoelea ni feki. Nikazilaza usiku kucha kwenye bakuli, 41 zikaelea, zilizobaki zikazama, na moja imepata ufa. Nimelia. Halafu nimehesabu ziko 109, wanasema lazima ziwe 108. Huyo kijana anasema anayo ya uso mmoja, ataniachia kwa laki nane, nikiivaa riziki itafunguka na presha itashuka. Je, za Ba ni feki? Ninunue hiyo? Na naweza kupanda moja nyuma ya nyumba nimkumbuke? Mimi Muislamu, nikae nazo au nizirudishe?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mtu ukimuuguza miaka 11 hapo mshahara si hesabu tena, alishakuwa mama yako, na wanawe walipokupa zile shanga badala ya kuzigawana wenyewe naona walilijua hilo.

Kabla ya yote, kama bado ziko kwenye bakuli zitoe sasa hivi. Zitandaze juu ya taulo kavu, ndani, kivulini, feni ikipita kwa mbali, uzigeuze asubuhi na jioni kwa siku tatu nne. Usianike juani na usiweke karibu na jiko, maana zikikauka kwa haraka ndo zinapasuka. Hiyo yenye ufa iweke pembeni, ntairudia.

Sasa jibu lako. Kwa picha ulizotuma na kwa maelezo yako mwenyewe, za Ba si feki. Hizo 41 zilizoelea ni za kweli kama zile zilizozama, na huyo kijana amekuliza bure. Ntakueleza kwa nini, na itabidi nianzie kwenye mti wenyewe kwa sababu ukishaujua mti hakuna mtu atakudanganya tena kuhusu shanga zake.

Mti unaitwa rudraksha, hata Wahindi wetu wa pwani wanauita hivohivo. Kwenye vitabu vya mimea utaukuta kwa jina Elaeocarpus ganitrus, na wataalamu wengine wanauingiza ndani ya Elaeocarpus angustifolius, ubishi wa muda mrefu huo maana jamii hii ina spishi mamia kuanzia Madagaska na Mauritius mpaka visiwa vya Pasifiki na nyingi zinafanana. Rudraksha ni Kisanskriti, Rudra ni jina mojawapo la Shiva, mungu mkubwa wa Wahindu, na aksha ni jicho. Wanasimulia kwamba Shiva alikaa kwenye tafakuri kwa muda mrefu mno, siku alipofumbua macho machozi yakamdondoka, na pale yalipogusa ardhi pakaota miti hii. Kwa hiyo kila punje aliyokuwa anaipitisha Ba kwenye vidole vyake alfajiri, kwake yeye lilikuwa chozi la Mungu wake akiwaonea huruma watu. Naona ni vizuri ulijue hilo ukiwa umezishika.

Unaota kwenye vilima vya chini ya Himalaya, hasa mashariki mwa Nepal huko bonde la mto Arun, kwenye wilaya za Bhojpur na Sankhuwasabha, halafu unaota sana Indonesia, Java na Sumatra, ambako wanauita jenitri au ganitri, na hilo ndo lililozaa jina la kitabuni. Punje za Nepal ni kubwa, milimita 20 mpaka 35, za Indonesia ni ndogo, kuanzia milimita 5 tu. Watu wengi wanadhani shanga hizi zote zinatoka India, wakati sehemu kubwa ya zinazovaliwa India yenyewe na hizi zinazofika kwetu zinatoka Indonesia, na za Ba kwa ule udogo wake ukilinganisha na kidole chako kwenye picha, mimi naamini ni za Java. Hiyo haizipunguzii kitu, ndogo ndo nzuri kwa tasbihi ya kuhesabia, kubwa za Nepal zinalemea mkono wa mtu mzima.

Ni mti mrefu, unapita mita 20 bila shida, ukizeeka shina linatoa mizizi ya pembeni kama mbawa, kama ile ya misufi mikubwa ambayo Tanga mnayo. Kijani mwaka mzima, haupukutishi. Ila kuna kitu kimoja kinautambulisha kwa mbali, jani likizeeka linakuwa jekundu kabla halijadondoka, na kwa kuwa hayadondoki kwa mpigo, wakati wowote ukiinua macho unaona kijani kimechanganyika na jani jekundu moja hapa moja pale. Maua yake meupe, ncha zimechanikachanika kama pindo la shali.

Na tunda lake ni bluu. Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo maana nina miaka mingi kwenye kazi ya mbegu za miti na bado hiki kitu kinanishangaza. Bluu yenyewe imeiva, inang'aa, kama gololi, tena tunda likidondoka na kulala chini siku nyingi linabaki bluu vilevile. Ukilimenya ukaisaga ile ngozi ukitafuta rangi ya bluu, hupati! Haimo. Mtaalamu wa mimea David Lee aliandika mwaka 1991 kwamba ndani ya ngozi ya tunda hili kuna tabaka nyembamba mno zimepangana, mwanga ukiingia zinaurudisha ule wa bluu tu, sawasawa na povu la sabuni linavyotoa rangi au unyoya wa tausi. Yaani bluu inatengenezwa na mpangilio, wino haumo. Na sisi Afrika tunao mmea wenye ujanja unaofanana na huo, unaitwa Pollia condensata, unaota kwenye misitu kuanzia Afrika Magharibi mpaka huku kwetu, vitunda vyake vina bluu ya chuma kilichosuguliwa, na magharibi mwa Uganda watu wa vijijini wanavitumia kupambia. Kuna kielelezo chake kilichochumwa Ghana miaka ya 1970, kimehifadhiwa kwenye bustani ya mimea ya Kew huko London, na mwaka 2012 watafiti walipokifungua kilikuwa bado kinang'aa kama kimetoka kuchumwa.

Ndege ndo wanaoupenda huo ubluu. Njiwa wa misituni wanakula, na kule Australia ambako una ndugu yake wa karibu sana, kasowari, yule ndege mkubwa kama mbuni, anameza tunda zima na kokwa linatoka salama.

Kokwa! Hilo ndo neno lenyewe. Ndani ya nyama ya tunda kuna kokwa moja gumu, kama kokwa la embe au la kunazi, na hilo kokwa ndo ushanga wako. Tukisema mbegu tunakosea kidogo, mbegu halisi ni vitu vidogo vimefungiwa ndani ya kokwa, kila kimoja kwenye chumba chake. Wavunaji wanaloweka matunda siku kadhaa mpaka nyama ioze, wanasugua kwa brashi, wanakausha. Na katikati ya kokwa, kuanzia kikonyo mpaka chini, kuna njia laini ya asili, ndo maana linatungika, fundi anaisafisha tu au anaipanua kidogo kwa keekee.

Sasa hizo nyuso. Chukua bamia jikoni kwako uikate kwa upana kama unavyokatia mchuzi. Unaona vyumba, sivyo? Mara nyingi vitano. Na ukiitazama bamia kwa nje kabla hujaikata, unaona mistari ya mgongo inafuata vile vyumba vya ndani. Rudraksha ni hivohivo kabisa. Ua lilikuwa na vyumba vya mbegu, mara nyingi vitano, tunda likakua, kokwa likakomaa, na kila mpaka wa chumba ukajichora nje kama mtaro unaotoka tundu la juu mpaka tundu la chini. Wanaita mukhi, yaani uso. Mitaro mitano, nyuso tano. Sita zipo, nne zipo, tatu zipo, kadiri unavyotoka kwenye tano kwenda chini au kwenda juu ndo zinavyopungua, na uso mmoja ni adimu mno. Huo uadimu ni kweli, sikatai. Lakini ni uadimu wa ua lililokosea hesabu ya vyumba, kwenye mti uleule, tawi lilelile, pengine kishada kimoja na zile za nyuso tano za Ba.

Umenitumia picha ya karibu ya punje tatu, nimezikuza, zote zina mitaro mitano, na mitaro yenyewe inapindapinda kidogo, inapita katikati ya vinundu bila kuvikata. Hiyo ndo alama ninayoiamini kuliko zote. Mtu akichonga mstari kwa kisu au tupa, mstari unanyooka, unakata nundu katikati, na chini yake unaona weupe wa mti mbichi au rangi iliyopakwa juu. Kitu kingine, kwenye zako hakuna punje mbili zinazofanana, moja imebonyea, nyingine ndefu kidogo. Za plastiki zinatoka kwenye kalibu moja, nundu la tatu kushoto linajirudia kwenye kila punje, ukishaliona mara moja huwezi kuacha kuliona. Na zako zina upande uliolainika na kukolea weusi, upande mwingine vinundu bado vikali. Huo ulaini ni kidole gumba cha Ba. Mafuta ya ngozi yake yameingia humo alfajiri baada ya alfajiri, na miaka kumi na moja ya hizo alfajiri ulikuwepo mwenyewe.

Tuje kwenye maji. Kitu kuelea au kuzama ni habari ya uzito wake kwa ukubwa wake, basi. Kokwa lina vyumba, vyumba vina hewa, punje iliyokauka sana inabaki na hewa nyingi inaelea, iliyovunwa ikiwa imekomaa vizuri, mti wake umeshikana na imenyonya mafuta, inazama. Punje hiyohiyo ukiitia leo ikaelea, ukiiacha siku mbili maji yakaingia kwenye tundu itazama, sasa tuseme jana ilikuwa feki leo imekuwa ya kweli? Na kwa upande wa pili, ukichonga popoo, hii popoo ya tambuu unayoijua, mti wake mzito na inaweza kwenda chini vizuri tu. Kuna na mtihani mwingine wanaufanya, punje inawekwa katikati ya sarafu mbili za shaba, ikizunguka ndo ya kweli, huo nao haupimi chochote, punje yoyote isiyo mviringo kamili ukiibana na kuifinya itajigeuza kutafuta pa kukaa.

Popoo nimeitaja kwa sababu ilinipata. Mwaka mmoja nilikuwa Kathmandu, Nepal, nikapita nje ya Pashupatinath, lile hekalu kubwa la Shiva, nikanunua punje nne kwenye kibanda kimoja, mbili za bei ya kawaida na mbili za bei kubwa zilizosemwa ni za nyuso chache. Nilikuwa nazitaka kwa kufundishia. Nilivyorudi nikazibana kwenye jiliwa nikazikata kwa msumeno wa chuma. Zile za bei ya kawaida zilifunguka kama bamia niliyokwambia, vyumba vitano vitano, vimbegu vyembamba ndani, kimoja kimekauka hakijajaza. Moja ya zile ghali ilikuwa imejaa ndani, haina chumba hata kimoja, na ile michirizi myeupe na kahawia ya popoo ilikuwa wazi kabisa kwenye pale pa kukata. Ya nne ilikuwa rudraksha kweli, lakini ndani vyumba vitano wakati nje mistari miwili tu, ile mingine mitatu ilikuwa imezibwa kwa gundi na unga wa mbao halafu ikapakwa mafuta. Niliumia, pesa haikuwa hoja, nilikuwa namuwaza mama kama Ba ambaye angeivaa ile kitu mpaka anakufa akiamini.

Kwa hiyo ya laki nane, usinunue. Nasema hivo bila kuzunguka. Kwa macho huwezi kujua kama mitaro mingine imezibwa, kwa kuikata unaiharibu, njia pekee ya kuhesabu vyumba bila kukata ni eksirei, wafanyabiashara wakubwa wa Nepal na India wanaipiga na unaona kila chumba. Huyo kijana muombe tu eksirei ya punje hiyohiyo anayokuuzia na maandishi kwamba atarudisha hela ikigundulika siyo, halafu uone atakujibu nini. Lakini hata akileta, bado nakwambia usinunue, kwa sababu wewe hukuwa unatafuta uso mmoja. Ulikuwa na tasbihi ya mtu uliyempenda, akaja mtu akakwambia haitoshi.

Na maandiko yao wenyewe hayasemi haitoshi. Shiva Purana, kitabu kikubwa cha wafuasi wa Shiva, kinataja aina 14 kuanzia uso mmoja hadi nyuso 14, na ya nyuso tano imo na ina heshima yake, inahusishwa na Rudra mwenyewe. Hizi za nyuso 15, 18, 21 zinazouzwa kwa mamilioni hazimo kwenye hiyo orodha ya 14. Kinazungumzia na ukubwa, bora iwe kama tunda la amla, ya kati kama kunazi, ya chini kama dengu, ila kinasema pia kwamba ndogo ina nguvu yake. Na kinasema punje iliyojitoboa yenyewe ni bora kuliko iliyotobolewa na binadamu, na kwamba iliyoliwa na wadudu au iliyovunjika iwekwe kando. Ona walivyokuwa wanautazama huu mti kwa makini, tundu la asili walishaliona, wadudu wanaobungua walishawaona.

Presha sasa. Mwanangu, dawa ulizopewa hospitali usiache hata siku moja kwa ajili ya ushanga wowote, uwe wa uso mmoja au wa nyuso mia. Mtu anayekaa kimya nusu saa alfajiri akihesabu dhikri yake anaweza kutulia moyo, hilo nalijua na wewe unalijua kwa sala zako mwenyewe, lakini presha inapimwa kwa mashine na inatibiwa kwa dawa, na anayekuahidi vingine ili umpe laki nane anacheza na uhai wako.

Kuhusu 109, hapo Ba alikuwa sahihi na waliokwambia wamesahau moja. Tasbihi ya Kihindu ina punje 108 za kuhesabia na moja ya kichwa, wanaiita meru au sumeru, aghalabu imekaa pale uzi unapofungwa ikiwa na kishada. Hiyo haihesabiwi na haivukwi. Mtu anahesabu kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada anakiweka pembeni, akifika kwenye meru anaigeuza tasbihi anarudi alikotoka. Utakuwa ulimuona Ba anaigeuza bila kujua kwa nini. Kwa hiyo 108 na moja ni 109, haijaongezwa, haijapotea hata punje moja, kwa miaka yote hiyo. Itafute kati yake, huwa kubwa kidogo kuliko wenzake au tundu lake limepanuliwa zaidi ili nyuzi mbili zipite kwa pamoja.

Kupanda. Natamani ningekwambia ndiyo. Punje za tasbihi zimelowekwa, nyingine zimechemshwa, zikakaushwa, zikatobolewa, zikapakwa mafuta, na hizi zimekaa mkononi mwa mtu miaka, vile vimbegu vya ndani vilishakufa zamani. Hata kokwa bichi kabisa lililotoka kwenye tunda ni gumu kuota, linaweza kukaa ardhini miezi mingi hata mwaka ndo kijitokeze kitu, na wenye vitalu wanalazimika kulikwaruza au kulipasua kwa uangalifu. Usizike hata moja ya Ba kwenye udongo, itaoza tu.

Kuna wanaoagiza makokwa mabichi au miche kutoka India na Nepal, kwenye mizigo, bila karatasi yoyote. Usifanye. Mbegu na miche kutoka nje inahitaji kibali na ukaguzi, kwetu ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na wenzetu Kenya wana KEPHIS, na si urasimu wa bure. Wewe uko Tanga, juu yako hapo kuna misitu ya Usambara Mashariki yenye miti na viumbe ambavyo havipo kwingine duniani. Pale Amani Wajerumani walianzisha bustani ya majaribio mwaka 1902, wakaleta miti ya kila pembe, na mingi ilikaa pale ilipopandwa bila kusumbua, lakini Maesopsis, ule musizi ulioletwa Usambara kutoka sehemu nyingine za Afrika, ulipopata msitu uliokatwakatwa ukaingia, hondohondo wakala matunda wakazisambaza mbegu, na mpaka leo umo ndani ya msitu na hautoki. Sasa fikiria mti wa matunda mazuri ya bluu ambayo ndege wanayapenda, kwenye mvua na joto kama ya Amani ambayo kwa macho yangu ungeipenda sana. Mimi ni mtu wa miti na nisingethubutu.

Na tukiwa kwenye hilo, nenda na hadithi ya pili, ya Mauritius. Kisiwa kile kina ndugu wa rudraksha wake mwenyewe, Elaeocarpus bojeri, wenye maua kama lesi, haupo kwingine popote duniani na porini imebaki michache mno. Imebaki wapi? Kule Grand Bassin, pembeni ya lile ziwa ambalo Wahindu wa Mauritius wanaliita Ganga Talao na wanalitembelea kwa miguu kwa maelfu wakati wa Maha Shivaratri, sikukuu kubwa ya Shiva. Yaani watu wanafika wamevaa rudraksha shingoni, na ndugu yake wa mwisho mwisho yuko hapohapo kwenye kilima anasongwa na mimea ya kuletwa. Mimi hiyo inaniuma sana, na ndo sababu nyingine ya kukuomba usilete mche wa mizigo.

Kama unataka kumpandia Ba kitu, waulize wanawe kama chungu chake cha tulsi bado kipo. Kina mama wengi wa Kihindu wanacho uani au mlangoni, wanakimwagilia asubuhi, na wewe pengine ndo ulikuwa unakimwagilia alipolala kitandani. Tulsi ni ndugu wa mrehani wetu, kata vitawi vitatu vya urefu wa kidole, weka kwenye glasi ya maji, vikitoa mizizi pandikiza, au kusanya vimbegu kwenye vile vichala vikavu. Huo utaota Tanga bila shida yoyote na utakuwa ni mmea wa mikono yake.

Kuhusu wewe kuwa Muislamu na kukaa nazo, mimi si sheikh na sitajifanya, muulize unayemuamini hapo mtaani kwako. Ninachoweza kusema ni kwamba hukupewa ili ubadili ibada, ulipewa kumbukumbu. Ukiona moyo hautulii, wanawe wapo, na hekalu lipo, utazipeleka kwa heshima na hakuna atakayekulaumu. Ukibaki nazo, usizitupe kwenye droo na funguo na betri, zitafutie mfuko wa kitambaa cha pamba.

Zikishakauka, chukua mswaki laini usio na dawa, piga vumbi kwenye mitaro taratibu. Sabuni hapana, manukato hapana, dawa ya kung'arishia nguo hapana kabisa. Halafu matone mawili matatu ya mafuta ya ufuta kwenye kiganja, zisugue zikiwa mkononi, zifute kwa kitambaa, inatosha kwa miezi. Zitakolea zaidi kidogo, usiogope. Kutunga tena tumia uzi wa pamba au hariri, ule wa nailoni unakata tundu polepole. Mpe fundi wa shanga anayejua kufunga fundo kati ya punje na punje, siku ikikatika ianguke moja tu, na mwambie mapema ile meru isiingie kwenye hesabu.

Ile yenye ufa, iangalie kwa mwanga wa dirishani. Kama ufa umefuata mtaro, hilo ni jambo la kawaida, pale ni mpaka wa vyumba na kokwa likinywa maji linavimba likatanua hapohapo, ikikauka taratibu mara nyingi unajifunga mpaka ukabaki kama unywele. Isibanwe na gundi. Kama ufa umekata vinundu katikati basi iache isitungwe kwanza. Ikikauka ipige picha upande wa tundu la juu na upande wa chini, karibu kadiri simu inavyoweza, unitumie niione.